Wanaoomba Nje ya Kanisa

Kila Jumapili hapa Kalemie Misa ya pili ikiisha watu hutoka kanisani, akina mama na vikwembe vyao vya sikukuu, akina baba na vitabu vya nyimbo kwapani. Na nje watoto wamekwisha jipanga. Wengine ni wa miaka sita, wengine kumi. Wanyosha mikono: "Papa, unisaidie. Mama, hata franka mia mbili." Lugha yetu ina neno moja tu kwa mambo haya mawili. Sisi tulikuwa tukiomba ndani, nao wanaomba nje. Sisi twatumaini kusikilizwa. Wao je?

Tumesimama pale mara nyingi, tukasikiliza maneno ya Wakristu wenzetu. Mmoja asema, "Hao ni mashege, wezi wa kesho." Wa pili asema, "Si watoto wetu, ni watoto wa kupita, kesho hawapo." Wa tatu asema, "Wazazi wao ni wavivu." Na wa nne, aliye mpole kuliko wote, hasemi neno, bali atoa noti iliyochakaa, ampa mtoto bila kumtazama usoni, aenda zake amepona. Leo twataka kushindana na hawa wote wanne, na tutakawia zaidi kwa huyu wa nne, kwa sababu ndiye anayefanana nasi.

Tuanze na neno hili la "watoto wa kupita". Ni watoto wa nani? Tulishuka pwani tukaangalia. Wengi wao ni watoto wa kambi za wavuvi. Kila mtu wa ziwa letu ajua jinsi ndakala wanavyovuliwa: usiku wa giza, kwa taa. Samaki huifuata taa, na wavu huwangoja chini. Lakini mwezi ukiwa mkubwa, taa haina nguvu, samaki hutawanyika, mitumbwi huvutwa mchangani, wanaume hushona nyavu. Siku hizo hakuna ndakala wa kuanika, hakuna mikebuka ya kuuza, na chakula cha kambi hupungua. Basi, ukitaka kujua lini watoto watajaa mlangoni pa kanisa, usiulize polisi. Tazama juu. Sisi tumeangalia miezi mingi: mwezi ukikua, nao huongezeka, giza likirudi, hupungua, kwa maana wamerudi kwenye vichanja kuanika samaki pamoja na mama zao. Je, huu ndio uvivu?

Tena kambi haikai. Samaki wakihamia kusini, watu huhama kuelekea Moba. Wakisikia kwamba upande wa Fizi kuna samaki, huenda huko. Nyumba yao ni matete na turubai, hufungwa asubuhi moja. Mtoto hulala Kalemie, mwezi wa pili hulala mahali pengine. Siku moja tulimwuliza mtoto mmoja, wa miaka kama kumi, kama amesoma. Akajibu bila haya, "Nimesoma mwaka wa kwanza mara tatu." Mara tatu, katika shule tatu, pwani tatu. Kila alipofika, mwalimu alimwanzisha na a, e, i, o, u. Na kabla hajafika mbele, wavu ulikunjwa, wakaondoka. Tulimjaribu pale pale, kwa kijiti mchangani. Herufi hizo tano anazijua kuliko mtoto ye yote wa parokia. Asichojua ni kile kinachofuata.

Hawako peke yao. Wengine ni watoto wa wakimbizi. Tunakumbuka sote vita vya Waluba na Watwa, vilivyoanza mwaka 2013 vikawaka tena mwaka 2016, hata katika mwaka 2017 watu waliochomewa vijiji walijaa kandokando ya mji wetu, wakalala katika vibanda vya majani, na wengine ndani ya madarasa ya shule. Kambi kubwa zilifungwa baadaye, lakini si wote waliokuwa na kijiji cha kurudia. Tena mwanzoni mwa mwaka 2025 vita vya Kivu ya Kusini viliwasukuma watu kando ya ziwa, na mashua zikateremsha wengine hapa. Na kuna watoto wa Watwa, ambao wazazi wao tangu zamani huishi kwa kuhama msituni, pande za Nyunzu na Kabalo, na ambao sisi Wabantu, tuseme kweli mbele ya Mungu, tumewahesabu kuwa nusu ya watu. Mtwa mdogo akiingia darasani, jambo la kwanza analofundishwa ni kucheka kwa wenzake.

Sasa twawauliza Wakristu wa Kalemie: ninyi mnaosema "si watoto wetu", mmesahau Kanisa letu lilianza na nani? Mapadri Weupe walipofika pwani hii ya magharibi, Kibanga mwaka 1883, kisha Mpala mwaka 1885, hawakupokewa kwanza na wenye nyumba na mashamba. Wa kwanza kuketi mbele yao walikuwa watoto waliokombolewa katika misafara ya watumwa, watoto wasiojua mama yao yu wapi, waliotoka mbali, wasiokuwa na ukoo hapa. Walikuwa watoto wa kupita kuliko wote! Wakapewa mahali pa kulala, wakapewa kitabu. Wajukuu wao ni sisi, au ni majirani zetu. Na ng'ambo ya pili ya ziwa, Karema, aliishi mganga Adriano Atiman. Alitekwa angali mtoto katika nchi za mto Niger, akavukishwa jangwa, akakombolewa na mapadri huko Algeria, akasomeshwa udaktari katika kisiwa cha Malta. Akaja ziwani akawatibu watu zaidi ya miaka sitini, hata alipokufa mwaka 1956. Kama mtu angalimtazama yule mtoto sokoni jangwani akasema, "Huyu si wetu," basi Karema wangalimkosa mganga wao. Katika shule ya Mpala ndiko aliposoma Stefano Kaoze, aliyepewa upadre mwaka 1917, wa kwanza katika Kongo ya Wabelgiji. Heshima hiyo yote ilitoka katika vibanda vya pwani. Leo tumejenga kanisa la matofali, tumesahau vibanda.

Tusitaje hata Mtoto mwingine, aliyebebwa usiku kwenda Misri, wazazi wake wakimkimbia Herode. Hatusomi mahali po pote kwamba Wamisri walimwuliza karatasi.

Lakini sisi twauliza karatasi. Yule mtoto wa miaka kumi tulimshika mkono tukampeleka shuleni. Jina la shule hatutalitaja, kwa kuwa si hiyo peke yake. Mkubwa wa shule alitupokea kwa adabu, akatuuliza: karatasi ya shule alikotoka iko wapi? Hakuna. Nguo ya shule, shati jeupe na kaptura ya buluu? Hakuna. Tena mwaka umekwisha anza, angoje Septemba. Mwisho, kwa sauti ya chini, akataja fedha kidogo za kuwasaidia walimu. Mtoto alikuwa akitazama kalenda ukutani. Tulitoka naye, na barabarani aliniachia mkono mmoja wetu akaenda kumwomba mtu aliyekuwa akinunua mkate. Hakukosa lo lote. Alirudi kazini, kama vile sisi turudivyo kazini.

Sheria yasemaje? Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 43, yasema kwamba masomo ya msingi katika shule za serikali ni ya lazima na ya bure. Tangu Septemba 2019 serikali ilianza kuitimiza, na shule zetu za Kikatoliki, zilizofungamana na serikali kwa mapatano ya mwaka 1977, zimo katika neno hilo. Haikusemwa "bure kwa watoto wenye nyumba ya bati". Iko tena sheria ya 10 Januari 2009 ya kulinda watoto. Sheria hatuzikosi. Twajua pia taabu ya walimu. Mlango wa bure ulipofunguliwa, watoto walijaa hata wakaketi chini, na walimu wengi wakafundisha bila majina yao kuandikwa katika orodha ya mishahara huko Kinshasa. Mwalimu asiyelipwa akiomba fedha kwa mzazi, naye pia ni mwombaji, na hatuna moyo wa kumpiga mawe. Mwenye kosa kubwa ni yule anayeandika sheria ya bure halafu amwachie mwalimu ailipe kwa njaa yake. Lakini karatasi, shati jeupe, na "angoje Septemba", hayo hayakutoka Kinshasa. Hayo ni yetu.

Wako wanaotaka polisi. Wasema, wakamatwe, wapakiwe katika gari, warudishwe kwao. Kwao wapi? Ziwani? Mji wa Kampala ulijaribu njia ya ukali. Huko watoto wa Karamoja, hasa wa wilaya ya Napak, wamekuwa wakiletwa kuomba barabarani, na mwaka 2019 wakubwa wa mji waliweka sheria ya kumwadhibu hata yule anayempa mtoto fedha au chakula njiani: faini, au kifungo hadi miezi sita. Watoto wale hawakwisha. Walikamatwa, wakarudishwa, wakaja tena, maana kiwasukumacho huko nyumbani, ukame na njaa, hakikukamatwa. Ukimfukuza inzi bila kuosha kidonda, umefanya nini?

Sasa tumrudie yule wa nne, mwenye noti. Ndugu yetu, hatusemi kwamba sadaka ni dhambi. Kanisa latufundisha kuwapa maskini, na yule tajiri wa Injili hakuhukumiwa kwa kumpiga Lazaro. Alihukumiwa kwa kumpita. Lakini tazama vizuri unachonunua kwa franka zako. Wewe wanunua mtoto aondoke. Umempa ili usimwone tena mpaka Jumapili ijayo. Naye ajifunza haraka, maana ni mwerevu: ajua kanisa gani lina watu wapole, sikukuu gani ina mikono mikunjufu, machozi gani huleta mia mbili na machozi gani huleta mia tano. Hiyo ni shule, nasi ndio walimu wake. Miaka mitano ya shule hiyo, naye atafuzu vizuri sana. Wazee wetu walisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawakusema ya tatu mpe makombo. Na jembe la mtoto wa miaka minane ni kalamu.

Nanyi wazazi wa kambini, hamtaponyoka katika maneno yetu. Twajua njaa ya mwezi mkubwa, twajua bei ya nyuzi na ya mafuta ya mashini. Lakini twajua pia kwamba wako kati yenu wanaomhesabia mtoto jioni, na akileta kidogo, hupigwa. Mtoto si wavu wa kutupwa mjini pale ziwa linapokataa. Tena wako wale, wa kambini na wa mjini pia, wanaomfukuza mtoto wa marehemu ndugu yao kwa kumwita mchawi. Katiba hiyo hiyo, kifungu cha 41, yakataza. Mkristu anayefanya hivyo asije mbele kupokea Komunyo kabla hajamrudisha mtoto nyumbani.

Mtu atasema: maneno mazuri, lakini mtoto asiyekaa mahali pamoja atafundishwaje? Hapa ndipo twapenda kukaa kidogo, kwa kuwa jibu liko ndani ya sakristia yetu wenyewe, nasi twalipita kila siku.

Mkristu aliyebatizwa Mpala akitaka kufunga ndoa Kalemie, paroko afanyaje? Je, amwambia, "Wewe ni mtu wa kupita, anza tena ukatekumeni"? La. Aandika Mpala. Kitabu cha ubatizo hufunguliwa, jina huonekana, cheti huletwa. Ndoa ikiisha fungwa, habari hurudishwa Mpala ikaandikwa pembeni mwa jina lile lile. Mtu huyo aweza kuhama mara ishirini, kwenda Lubumbashi, kwenda Kigoma, kwenda Ulaya. Kitabu kimoja chamngoja, na kila parokia ya dunia yajua mahali pa kuuliza. Kazi hiyo Kanisa laifanya kwa karne nyingi, kwa wino na karatasi, bila mashini yo yote. Nasi twaweza kumfuata mtu kwa sakramenti zake toka maji ya kwanza hata kaburini, lakini mtoto wa mvuvi hatuwezi kumfuata toka a, e, i, o, u hata ba, be, bi? Tusidanganyane. Hatukushindwa. Hatukutaka tu.

Na wengine walitaka. Nigeria, mwaka 1989, waliweka baraza la taifa la masomo ya watu wanaohama, na katika sheria hiyo hawakutaja wachungaji wa ng'ombe peke yao; waliwaweka na wavuvi wanaohamahama, kama wetu. Kenya wanalo baraza la masomo ya wafugaji, lililotajwa katika sheria yao ya elimu ya mwaka 2013. Kule kule Karamoja, tangu mwaka 1998, masomo yalipelekwa karibu na maboma, kwa saa zinazomwacha mtoto achunge kwanza. Huko Ufaransa, kwa watu wanaosafiri na nyumba za magurudumu, kuna magari yaliyofanywa madarasa; mwalimu huendesha mwenyewe, huegesha kambini, hufungua mlango. Hatuombi magari hayo, barabara zetu zingeyameza. Twasema tu kwamba jambo hili si ndoto.

Liko jambo moja ambalo, tulipolitambua, lilituchoma moyo. Tarehe 12 Juni 2003, nchi nne za ziwa hili, Kongo, Tanzania, Burundi na Zambia, zilitia sahihi mapatano huko Dar es Salaam ya kulitunza Ziwa Tanganyika. Jambo jema sana. Mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi ziwani tangu 15 Mei hata 15 Agosti, samaki wapate kuzaana. Wakubwa wamekwisha fahamu kwamba samaki huvuka mipaka bila pasi, na kwamba nchi moja haiwezi kumtunza peke yake. Basi samaki wana mapatano. Mtoto anayewaanika, avukaye mipaka ile ile katika mtumbwi ule ule, hana. Tena ziwa likifungwa miezi mitatu, mtoto huyo ataketi wapi miezi hiyo? Nani amefikiri kwamba hiyo ni miezi mitatu ya shule?

Hatungoji nchi nne. Parokia za pwani yetu zajuana. Mapadri wake huonana kwa askofu, makatekista wao hufanya mafungo pamoja. Tumekaa na wazee wa shirika zilizo karibu na maji, tukapatana hivi. Siku za mwezi mkubwa, ambazo kambi hazina kazi, katekista atafungua chumba cha mafundisho toka saa tatu hata saa sita, Jumatatu mpaka Ijumaa. Hatutauliza shati wala karatasi. Mama wawili wa shirika watapika uji, maana mwenye njaa haoni herufi; na fedha zitakuwa zile zile tulizokuwa tukizigawa mlangoni. Anayetaka kutoa Jumapili, kisanduku kiko kando ya chombo cha maji ya baraka. Mtoto akinyosha mkono, mwambie saa na mahali, na ukiweza, umpeleke mwenyewe. Hatusemi kwamba hii ni shule kamili. Mwalimu mmoja amestaafu, macho yake hayaoni vizuri, ndiye aliyekubali. Mkubwa wa shule wa jirani ameahidi kwamba atakayeweza kusoma ukurasa mmoja atampokea mwezi wo wote, awe na shati au asiwe nalo. Tutamkumbusha.

Na tumenunua daftari nene la mistari. Kila mtoto ana ukurasa: jina lake, jina la mama, pwani alikotoka, pwani anakokwenda, na mahali alipofika katika kusoma na kuhesabu. Akihama, apewa karatasi yenye maneno hayo hayo, iliyofungwa ndani ya plastiki isilowe mtumbwini.

Tulipokuwa tayari, tulishuka pwani kumtafuta yule wa miaka kumi, tumwandike wa kwanza. Tulikuta mashimo ya nguzo na majivu. Jirani mmoja alisema waliondoka juma lililopita, upande wa Moba. Tumeandika jina lake hata hivyo, na habari tumewapelekea mapadri wa kusini. Ninyi wasomaji wetu wa Mpala, wa Moba, na wa vijiji vyote vya katikati, kambi mpya ikifika kwenu, shukeni mkamwulizie. Ni mtoto mwenye maneno mengi, atawaambia yeye mwenyewe kwamba amesoma mwaka wa kwanza mara tatu. Msimwanzishe tena na a, e, i, o, u. Mwanzisheni na ba, be, bi.